Seli Shina Haziuzwi kwa Pakiti

Jumatatu iliyopita niliulizwa tena. Mama mmoja alikaa mbele yangu kliniki, mwanawe wa miaka saba amemlalia mapajani, akafungua mkoba na kutoa boksi jembamba lenye picha ya tufaha. "Daktari, hizi seli shina nimpe asubuhi na jioni, au jioni tu?" Ndani mlikuwa na vipakiti vidogo kama vile vya sukari ya hotelini. Macho ya mtoto yalikuwa ya manjano kama binzari, na damu yake ilikuwa imeshuka hadi gramu 4.6. Miezi minne nyuma ilikuwa 8.1. Nilipouliza kama haidroksiyurea, dawa yake ya selimundu, anaendelea kuimeza, mama akainamisha kichwa. Aliyemuuzia boksi alimwambia aache "kemikali za hospitali" ili seli mpya zipate nafasi.

Nimechoka na swali hili na sitalificha hilo. Mama yule sina neno naye. Alikopa kwenye kikoba ili mwanawe apone, na mzazi yeyote angefanya hivyo. Wanaonichosha ni wale wanaomtuma kuniuliza dozi ya kitu kisicho na dozi. Basi leo nawajibu wote kwa pamoja: unga ule hauna seli shina hata moja inayoweza kutibu selimundu. Wala kisukari, wala figo, wala goti.

Uongo huu umeshika kwa sababu umepanda mgongoni mwa ukweli. Selimundu inaponyeka, na inaponyeka kwa seli shina. Ndani ya uloto wa mifupa yetu zipo seli chache zinazozaa damu yote ya mwili. Kwa chembe nyekundu peke yake ni kama milioni mbili kila sekunde. Mwenye selimundu ana seli hizo kama wewe na mimi, ila maelekezo yake ya kutengeneza himoglobini yana kosa la herufi moja. Ndiyo maana chembe nyekundu zinazopaswa kuishi siku 120 kwake hupasuka baada ya siku 10 hadi 20. Ukibadili seli shina, umebadili damu.

Njia ya zamani ni kupandikiza uloto wa ndugu anayelingana. Njia mpya ndiyo iliyotikisa dunia. Novemba 2023 Uingereza, na Desemba mwaka huohuo Marekani, ziliidhinisha Casgevy, tiba ya kwanza inayotumia teknolojia ya kuhariri jeni ya CRISPR, ile iliyowapa Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2020. Madaktari huchuja seli shina za mgonjwa mwenyewe kutoka kwenye damu, maabara hukata swichi moja katika jeni iitwayo BCL11A, kisha seli hizo humrudia mwenyewe. Swichi hiyo ndiyo inayozima himoglobini ya utotoni, ile tunayozaliwa nayo. Wazazi wa watoto wa selimundu wanaijua kazi yake hata kama hawajui jina lake: mtoto huwa mzima kabisa miezi yake ya kwanza, halafu vidole vinaanza kuvimba. Himoglobini ya utotoni ilikuwa inamlinda. Casgevy huirudisha. Katika jaribio lake kuu, kati ya wagonjwa 31 waliofuatiliwa kwa muda wa kutosha, 29 walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila shambulio kali la maumivu.

Sasa turudi kwenye pakiti.

Boksi la mama yule lilisema ni dondoo la seli shina za tufaha la Uswisi, Uttwiler Spätlauber, tunda linalosifiwa kwa kukaa muda mrefu bila kunyauka. Seli ya tufaha ni seli ya mmea. Ina ukuta mgumu, ina jeni za tufaha, na hata ikiwa hai kazi yake ni kutoa jani, tawi au tunda. Haiwezi kuzaa chembe nyekundu ya binadamu, kwa sababu maelekezo ya kutengeneza himoglobini ya binadamu haina. Tena seli shina za mimea si kitu adimu cha kuagizwa Ulaya. Ziko katika kila ncha ya chipukizi. Anayetwanga kisamvu anatwanga na seli shina za muhogo. Anayekula choroko zilizoota anakula seli shina za choroko. Mtwara na Tanga watu wamekula kisamvu vizazi na vizazi, na selimundu bado ipo.

Halafu seli za kwenye boksi zimekufa. Seli shina za damu za binadamu, zikihitaji kutunzwa, hugandishwa kwa naitrojeni ya kimiminika, katika baridi inayofikia nyuzi 196 chini ya sifuri. Nimesimama pembeni ya kitanda siku mfuko ulipoyeyushwa: muuguzi anautumbukiza kwenye maji ya nyuzi 37, anauminyaminya taratibu kwa vidole, macho kwenye saa, kisha unaunganishwa na mrija wa mshipa papo hapo kwa sababu kila dakika ya kuchelewa seli zinakufa. Chumba kizima kilinuka kama kitunguu saumu, harufu ya kemikali inayozikinga seli zisipasuke kwa barafu. Hivyo ndivyo zinavyotunzwa seli zilizo hai. Unga uliovuka bahari ndani ya kontena na kukaa miezi dukani kwenye joto la Dar es Salaam hauna kilicho hai ndani yake, na ungekuwa nacho ungekuwa umeoza.

Muuzaji akibanwa hapo husema: usimeze, weka chini ya ulimi, unaingia moja kwa moja kwenye damu. Ni kweli zipo dawa zinazopita hapo, kama nitrogliserini ya wagonjwa wa moyo. Hizo ni molekuli ndogo mno. Seli nzima mbele ya molekuli ile ni kama jabali mbele ya punje ya mchanga, na ngozi ya ndani ya kinywa haimeng'enyuki kuipisha. Kitakachobaki utameza na mate, na tumbo litakifanyia kilekile linachoifanyia dagaa. Mnaouza vidonge vya kondo la nyuma la kondoo au kulungu, jibu lenu ni hilohilo.

Na tuseme seli zingekuwa za binadamu, zikawa hai, zikafika kwenye damu. Kinga ya mwili ingeziua kama inavyoua chochote isichokitambua. Ndiyo sababu tunapima ulinganifu wa tishu kabla ya kupandikiza. Ndiyo sababu pia mgonjwa hupewa kwanza dawa kali, kama busulfani, ya kuondoa uloto wa zamani ili mpya upate pa kukaa. Dawa hiyo hunyonyoa nywele, huchubua kinywa na huweza kuondoa uwezo wa kuzaa. Anayekuahidi uloto mpya bila hatua hiyo anakudanganya.

Zinabaki shuhuda. "Dada yangu alitumia, maumivu yakaisha." Nakubali yaliisha. Maumivu ya selimundu huja na kuondoka. Mashambulizi mengi hutulia ndani ya siku chache au wiki. Chochote utakachokunywa siku ya tatu kitapewa sifa siku ya tano. Kama kweli amepona, karatasi ya maabara itasema: kipimo cha aina za himoglobini, kabla na baada. Kwa miaka yote niliyokaa kliniki nimeletewa picha, sauti za WhatsApp na video za watu wakilia kwa furaha. Karatasi hiyo sijaletewa hata mara moja.

Na ile nembo ya ubora kwenye boksi? Soma ni ya nani. Tangu 2019 usimamizi wa chakula Tanzania uko chini ya TBS, na dawa ziko chini ya TMDA. Bidhaa iliyosajiliwa kama chakula imekaguliwa kama chakula. Hakuna aliyethibitisha kwamba inatibu kitu.

Msidhani hatari iko kwa wafanyabiashara wa mtandao peke yao. Huko Florida, wanawake watatu wa miaka 72 hadi 88 walidungwa machoni seli zilizotolewa kwenye mafuta yao wenyewe, wakalipa dola 5,000 kila mmoja, wakapoteza uwezo wa kuona; kisa chao kilichapishwa mwaka 2017. Paolo Macchiarini, daktari mpasuaji aliyekuwa Karolinska nchini Sweden, aliwawekea wagonjwa koo za plastiki zilizopakwa seli shina zao. Wa kwanza, mwaka 2011, alikuwa mwanafunzi kutoka Eritrea. Alifariki 2014. Mwaka 2023 mahakama ya rufaa ilimhukumu Macchiarini kifungo cha miaka miwili na nusu. Wote hao walitibiwa katika majengo safi na watu waliovaa makoti meupe. Kwa hiyo mkiitwa nje ya nchi "kwa jaribio la seli shina" na kutakiwa kulipia, simameni hapo. Katika utafiti wa kweli mgonjwa halipii kufanyiwa jaribio.

Nikija kwenye maadili, naulizwa zaidi kuhusu mimba: je, seli hizi hazitolewi kwa vichanga wasiozaliwa? Mjadala huo ni wa kweli, na ulipamba moto baada ya James Thomson wa Wisconsin kuotesha seli shina za viinitete vya binadamu mwaka 1998. Lakini uloto hutolewa na mtu hai aliyekubali, na Casgevy hutoka kwa mgonjwa mwenyewe. Shinya Yamanaka naye alionyesha mwaka 2006 kwa panya, na 2007 kwa binadamu, kwamba seli ya kawaida ya ngozi inaweza kurudishwa kwenye hali ya ushina bila kugusa kiinitete. Mwenye wasiwasi wa dini na aulize seli zimetoka wapi, ni haki yake. Kwa selimundu jibu litamtuliza.

Mimi hunikosesha usingizi maswali mengine. Mtoto wa miaka mitano anachomwa sindano kwenye nyonga ili dada yake apone: nani amesema ndiyo kwa niaba yake, na nani amemweleza kwa lugha yake? Mzazi anayekubali busulfani kwa mtoto wa miaka saba, ameambiwa waziwazi kwamba huenda hatapata wajukuu kwa mtoto huyo? Na kubwa kuliko yote: Casgevy ilitangazwa Marekani kwa bei ya dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Wengi wa watoto wenye selimundu duniani huzaliwa Afrika. Tanzania peke yake ni kama 11,000 kila mwaka. Tiba ya ugonjwa wetu imepatikana na imewekwa mahali ambapo mikono yetu haifiki. Muuza pakiti amejipenyeza kwenye pengo hilo. Serikali zetu, vyuo vyetu na watengenezaji wa dawa hizi wana wajibu wa kuliziba, kwa majaribio yanayofanyika hapa na bei inayojadiliwa na sisi tukiwa mezani.

Wakati tunasubiri, fanyeni haya. Mtoto apimwe akiwa mchanga. Apewe penisilini tangu miezi miwili hadi miaka mitano, foliki asidi, chanjo zote, chandarua kila usiku, maji ya kutosha. Homa ikifika nyuzi 38, hospitali saa hiyohiyo. Kuanzia miaka miwili aombewe kipimo cha mishipa ya kichwa kinachotabiri kiharusi. Na haidroksiyurea isiachwe: watoto 606 wa Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale waliitumia katika utafiti uliochapishwa mwishoni mwa 2018, na maumivu, kuongezewa damu, malaria, hata vifo, vyote vilipungua. Ina vipimo vyake vya damu, vifuateni. Mwenye ndugu wa baba na mama mmoja aulize ulinganifu. Kila ndugu ana nafasi moja kati ya nne, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imeshapandikiza uloto kwa watoto wa selimundu. Wachumba, pimeni kabla ya ndoa.

Mtoto wa Jumatatu aliongezewa damu usiku uleule. Siku ya nne alikuwa ameketi kitandani akigombania rimoti ya televisheni na jirani yake. Tulikokotoa na mama pembeni ya kitanda: bei ya boksi lile ingenunua haidroksiyurea ya miezi kadhaa. Hakusema kitu. Alipokuwa anafunga mizigo akaniuliza kuhusu mdogo wa mtoto huyo, wa miezi miwili, yuko nyumbani kwa bibi, mnene, hana tatizo lolote. Naye amlete?

Nikamwambia amlete kesho, angali mzima.