Ndege wa Mida na Saa za Maji

Mgeni akifika hori ya Mida, karibu na Watamu, saa nne asubuhi siku ya bamvua, huenda akarudi akisema hakuna ndege. Wapo, na kati ya Oktoba na Machi wapo kwa maelfu, ila maji yamekupwa kabisa nao wametawanyika topeni mbali, vidoadoa tu. Ndiyo maana kundi linalotaka kushinda huko hutazama kwanza jedwali la maji. Siku za bamvua maji hupwa kama saa nne na kujaa kama saa kumi alasiri, na tofauti huzidi mita 3. Asubuhi basi ni ya mikokoni, kuwatafuta kurea na kulasitara. Kazi yenyewe huanza adhuhuri, maji yanapopanda na kuwasogeza ndege karibu na watu.

Hapo tazameni midomo. Sululu, kwa mdomo wake mrefu uliopinda, humchokoa kaa shimoni. Kitwitwi aliyetoka Siberia, mwenye gramu 60 hivi, hudungadunga tope asiloliona ndani: ncha ya mdomo wake ina vihisio vinavyomwambia mnyoo yuko wapi. Wale wa mdomo mfupi na macho makubwa hukimbia, husimama, hudonoa. Tope ni moja, lakini kila mmoja ana ghala lake.

Anayesafiriwa kutoka mbali, hata hivyo, ni mla-kaa, mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene. Wenzake wa ufukoni hutaga juu ya ardhi. Yeye huchimba shimo mchangani, katika visiwa vya Oman, Ghuba na Bahari ya Shamu, akataga yai moja jeupe. Joto la mchanga husaidia kuliatamia, hivyo mzazi aweza kwenda kula. Yule wa kijivu mnayemwona Mida akimfuata mkubwa huku akilia ni kinda lililokwisha kuvuka bahari na bado linaomba kulishwa.

Maji yakijaa, wote husongamana penye nchi kavu kidogo, na hapo ndipo huhesabika, kama ifanyikavyo kila Januari. Mmoja huhesabu kwa makumi, wa pili huandika, wa tatu huangalia angani. Kozi akipita, kundi zima huruka, na hesabu huanza upya.