Asidi kwanza, hamira baadaye

Bia ya ngano ya Kibelgiji ilikaribia kupotea kabisa. Katika mji wa Hoegaarden kiwanda cha mwisho kilichoipika kilifungwa mwaka 1957, na aliyeifufua katikati ya miaka ya 1960 alikuwa muuza maziwa, Pierre Celis. Alirudisha ngano mbichi, kimea cha shayiri, mbegu za giligilani na maganda ya machungwa. Kilichofifia ni uchachu. Bia ya wazee wa kule ilikuwa na ukali wa asidi ya laktiki, kazi ya bakteria waliojiingilia wenyewe kwenye mapipa, na viwanda vya leo huwafungia mlango. Anayepika nyumbani anaweza kuwakaribisha tena. Kwa mtu wa Olmotonyi, chini ya Mlima Meru, kazi hiyo ni nyepesi kuliko anavyodhani, maana bakteria wenyewe wako jikoni tayari, ndani ya togwa.

Tazama togwa inavyotengenezwa. Uji mzito unapikwa, unaachwa upoe hadi vuguvugu, kisha unatiwa kimea cha ulezi na kikombe cha togwa ya jana. Muda si mrefu uji unalegea mwikoni, kwa sababu vimeng'enya vya kimea vinaukata wanga na kuugeuza sukari. Kesho yake umechachuka, na pH imeshuka chini ya 4, kiwango ambacho vijidudu vingi vya kuharisha haviwezi kustawi. Mugula wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzake walichapisha mwaka 2003 uchunguzi wa viumbe wanaofanya kazi hiyo, na miongoni mwao yumo Lactobacillus plantarum. Huyo huyo ndiye anayenunuliwa kwa pakiti na wapikaji wa bia chachu huko Ulaya na Marekani.

Sasa tupike. Kwa lita 20, chukua kilo 2.5 za kimea cha shayiri na kilo 2 za ngano isiyooteshwa, vyote viwe vimeparazwa, si kusagwa unga laini, la sivyo kuchuja kutakuwa adhabu. Shayiri na ngano zinalimwa Monduli na Kilimanjaro Magharibi. Shayiri huoteshwa na kukaushwa kwa utaratibu ule ule wa kimea cha ulezi. Loweka mchanganyiko katika maji ya nyuzi 65 kwa saa nzima, chuja, kisha chemsha maji hayo matamu kwa dakika 10 ili kuua karibu kila kilichokuja na nafaka.

Yakipoa hadi nyuzi 38, kamulia ndimu kidogo kidogo mpaka karatasi ya pH isome karibu 4.5. Usiruke hatua hii. Bakteria wa uchafu, wanaoleta harufu ya matapishi, hawapendi asidi, lakini wetu wanaistahimili vizuri. Ndipo utie nusu lita ya togwa changa iliyochujwa, ujaze chombo hadi karibu na mdomo, ufunike barabara na kukizungushia blanketi. Hewa ikibaki nyingi ndani, utavuna siki. Ndani ya siku moja au mbili pH itafika kati ya 3.3 na 3.5. Harufu inayotakiwa ni ya mtindi safi. Ikinuka vibaya, mwaga; viungo havitaificha.

Hapo ndipo wengi wanapokosea kwa haraka ya kutia hamira. Togwa ina hamira za porini pia, na bakteria wake wakiachwa hai wataendelea kuongeza ukali hadi ndani ya chupa. Chemsha tena, safari hii kwa saa nzima. Olmotonyi iko juu ya mita 1,500, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, joto linalotosha kabisa kuwaua wote. Hopsi nazo huingia wakati huu tu, kidogo sana, kwani uchungu wake huwazuia bakteria wa laktiki kufanya kazi. Giligilani iliyopondwa na maganda ya chungwa vitie dakika 5 za mwisho.

Kuna watakaofikiria msesewe badala ya hopsi, kama kwenye mbege, pombe ya ndizi. Mimi sishauri. Mti huo ni wa jenasi Rauvolfia, ukoo mmoja na mimea iliyotupa reserpini, dawa ya shinikizo la damu. Wapikaji wa mbege wana vipimo vyao vya kurithi. Wewe huna kipimo cha bia hii.

Poza, tia hamira ya bia, uache kwa wiki mbili. Ubaridi wa Olmotonyi ni neema hapa, kwani nyuzi 18 hadi 22 ndizo zinazofaa. Usiku wa Juni na Julai rudisha blanketi. Ukifika wakati wa kuijaza chupani, chupa ziwe nene, na sukari ya kuleta gesi isizidi gramu 6 kwa lita, kwa sababu chupa inayopasuka hujeruhi.

Limebaki jambo linalonisumbua kuliko yote, nalo ni maji. Miamba ya volkano ya Meru hutia floridi kwenye chemchemi na visima vingi vya eneo hili, na meno ya kahawia ya watu wetu ni ushahidi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuiondoi floridi. Maji yanapotoka kama mvuke, floridi hubaki, na sisi tumechemsha mara mbili. Mkaa wa mifupa huinasa, na kituo cha Ngurdoto kimeufanyia kazi kwa miaka mingi, ila lazima ubadilishwe unaposhiba. Maji hayo pia mara nyingi yana bikaboneti nyingi, inayopandisha pH wakati wa kuloweka na kuvilegeza vimeng'enya. Kwa bia hii tumia maji ya mvua: kinga ya masika kutoka bati safi, mwaga yale ya kwanza yanayoosha paa, na hifadhi lita 30, maana 10 zitapotea kwenye makapi na mvuke.