Fahamu Ugonjwa Adimu wa Kurithi Unaofanana na Uvimbe wa Ndani ya Jicho

Mgonjwa anapofika kliniki ya macho akilalamika kuona ukungu na vidoa vyeusi vinavyoelea, na daktari akabaini dalili za uvimbe ndani ya jicho, maambukizi huwa miongoni mwa mambo ya kwanza kuchunguzwa. Kifua kikuu, kaswende na vimelea vya toksoplasma ni baadhi ya visababishi vinavyofahamika, sambamba na magonjwa yanayotokana na kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe. Hata hivyo, yapo mazingira machache ambapo majibu ya vipimo hivyo hayaoneshi tatizo lolote, ilhali uvimbe unaendelea, kwa kuwa chanzo chake ni vinasaba ambavyo mgonjwa alizaliwa navyo.

Mfano mmojawapo ni ugonjwa adimu unaojulikana kitaalamu kwa kifupisho cha ADNIV. Madaktari wa Chuo Kikuu cha Iowa nchini Marekani waliuelezea mwaka 1990, baada ya kuchunguza ukoo ambao watu wake walipoteza uwezo wa kuona kizazi baada ya kizazi. Mwaka 2012, watafiti wa chuo hicho walibaini kuwa unasababishwa na hitilafu katika jeni iitwayo CAPN5, iliyopo kwenye kromosomu ya 11. Jeni hiyo hubeba maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya kinachokata protini nyingine ndani ya seli. Hitilafu inapotokea, kimeng'enya hicho hufanya kazi kupita kiasi na kuathiri retina, yaani pazia la nyuma ya jicho linalopokea mwanga.

Ugonjwa huu hukua taratibu kwa miaka mingi, na katika kila hatua huweza kudhaniwa kuwa ugonjwa mwingine. Mwanzoni mgonjwa huweza kuona vizuri, ingawa chembe za uvimbe zimekwishaingia kwenye ute wa jicho na kipimo cha umeme wa retina kinaonesha mabadiliko. Baadaye hujitokeza madoa meusi kwenye retina, kama ilivyo katika retinaitisi pigmentosa. Kisha huota mishipa dhaifu ya damu inayofanana na ile ya wagonjwa wa kisukari, ambayo huweza kuvujisha damu. Hatimaye makovu huivuta retina ikabanduka, na upofu ukafuata.

Kutambua tofauti hiyo mapema ni jambo la msingi. Dawa za steroidi zinaweza kupunguza uvimbe, lakini haziondoi hitilafu ya jeni, na zikitumika kwa muda mrefu zinaweza kusababisha mtoto wa jicho na presha ya macho. Hadi sasa hakuna tiba ya kuponya ADNIV. Huduma inayotolewa hulenga kulinda uoni uliopo, ikiwemo kudhibiti uvimbe, kutumia mionzi ya leza kuzuia mishipa mipya, na upasuaji pale damu inapovuja au retina inapobanduka.

Ugonjwa huu hauambukizi. Mzazi mwenye hitilafu hiyo, awe baba au mama, ana uwezekano wa asilimia 50 wa kumrithisha kila mtoto anayezaliwa, wa kike au wa kiume. Kwa sababu hiyo, mtu mmoja anapothibitika kuwa nao kwa kipimo cha vinasaba, ndugu zake wa damu nao wanapaswa kuchunguzwa, hata kama bado wanaona vizuri.

Mwananchi mwenye uvimbe wa macho unaojirudia anashauriwa kumweleza daktari historia ya familia yake bila kuacha jambo: nani alipoteza uwezo wa kuona, akiwa na umri gani, na iwapo ni jicho moja au yote mawili. Upofu wa babu au shangazi, uliochukuliwa kwa miaka mingi kuwa ni wa uzeeni, unaweza kuwa taarifa itakayomwezesha daktari kutambua ugonjwa na kuokoa macho ya watoto na wajukuu.