Nguvu za Mtambo na Mshiko wa Gurudumu

Atokaye mjini Singida kwenda Nzega huyaacha nyuma maziwa ya Singidani na Kindai pamoja na majabali makubwa yaliyo kando yake, hupita katika nchi ya Wanyiramba, kisha hufika ukingoni pa Sekenke. Hapo nchi ya juu hukoma ghafula, na barabara huteremka kuelekea mbuga ya Wembere. Wakati wa kiangazi udongo wa mbuga ile ni mgumu, umepasuka nyufa. Lakini mvua zinyeshapo hugeuka kuwa tope jeusi, lenye kunata na kuteleza pia. Siku hizi barabara kuu imetiwa lami. Zamani lami haikuwapo, na lori lililonaswa matopeni liliweza kukawia mno, shehena ikaharibika, na mgonjwa aliyekuwa akipelekwa hospitali akangoja pamoja na magunia.

Dereva asiyejua kazi yake, lori likinaswa, hukanyaga mafuta kwa nguvu zote. Mtambo hunguruma, magurudumu ya nyuma huzunguka kama pia, tope huruka, na lori badala ya kwenda mbele huzidi kujichimbia shimo. Dereva mwenye ujuzi hafanyi hivyo. Humwamuru utingo akate matawi na kuyatandika chini ya magurudumu. Huliondoa gari kwa gia ya pili, wala si ya kwanza. Hukanyaga mafuta polepole, na lori hutoka. Mtambo ni ule ule, na shehena ni ile ile. Basi, kilichobadilika ni nini? Ajuaye jibu la swali hili amekwisha kuijua nusu ya elimu ya mashindano ya motokaa.

Ili kulifahamu jambo hili, yafaa kujua mambo matatu: msokoto, nguvu za farasi, na mshiko wa gurudumu.

Msokoto ni nguvu ya kuzungusha kitu. Mfano wake huonekana kila fundi afunguapo nati ya gurudumu. Akitumia spana fupi, nati hukataa. Akitumia spana ndefu, nati hulegea, ingawa mkono wake ni ule ule. Mtu akiielemea spana yenye urefu wa nusu mita kwa uzito wa kilo 40, msokoto wake ni 40 mara nusu, yaani 20. Akiielemea spana ya mita moja kwa uzito huo huo, msokoto ni 40. Ndani ya mtambo wa motokaa mambo ni hayo hayo. Petroli iliyochanganyika na hewa huwaka, pistoni husukumwa chini kwa nguvu, nayo huzungusha mhimili wa chuma, kama vile mguu wa mpanda baiskeli unavyozungusha pedali. Nguvu ile ya kuuzungusha mhimili ndiyo msokoto wa mtambo.

Lakini msokoto peke yake hausemi kazi imefanywa kwa haraka gani. Mkulima wa Singida alimaye kwa maksai ajua ya kuwa maksai wawili huvuta jembe katika udongo mzito bila kusimama, lakini huenda polepole. Punda mwenye mkokoteni mwepesi huenda kwa haraka zaidi, lakini afungwapo jembe lile hushindwa. Atakaye kupima kazi kwa haki sharti apime uzito uliovutwa pamoja na muda uliopita.

Hivyo ndivyo alivyofanya James Watt, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1736, ambaye alitengeneza mitambo ya mvuke. Wanunuzi wake walikuwa wamezoea kutumia farasi, nao walitaka kujua mtambo mmoja utachukua mahali pa farasi wangapi. Watt akaweka kipimo: nguvu ya farasi mmoja ni kazi ya kunyanyua ratili 33,000 kwa urefu wa futi moja katika dakika moja. Katika hesabu ya kilo na mita, hiyo ni sawa na kunyanyua kilo 76 hivi kwa urefu wa mita moja katika kila sekunde. Kipimo hicho hutumika hata leo, ingawa farasi wenyewe wamekwisha kuondoka katika kazi hiyo.

Basi nguvu za farasi hutoka katika msokoto ukizidishwa kwa wingi wa mizunguko. Na iwepo mitambo miwili. Wa kwanza ni wa lori: una msokoto wa 20, nao huzunguka mara 2,000 kwa dakika. Wa pili ni wa motokaa ndogo: una msokoto wa 10 tu, lakini huzunguka mara 4,000 kwa dakika. Mwenye kupiga hesabu ataona kwamba 20 mara 2,000 ni 40,000, na 10 mara 4,000 ni 40,000 vile vile. Mitambo hiyo miwili ina nguvu sawa, kadiri ya farasi 55 kila mmoja. Ila wa kwanza hufanya kazi kama maksai, na wa pili kama punda.

Hapa ndipo gia zinapofaa. Gia ni magurudumu ya chuma yenye meno, madogo kwa makubwa, yanayozungushana. Gurudumu lenye meno 10 likizungusha lenye meno 40, mizunguko hupungua mara nne, na msokoto huongezeka mara nne, isipokuwa sehemu ndogo ipoteayo kwa kusuguana. Gia haiwezi kuongeza nguvu za farasi hata kidogo. Hubadili tu haraka kuwa msokoto, au msokoto kuwa haraka. Ndiyo sababu dereva hupanda mlima wa Sekenke kwa gia ya chini: mtambo wazunguka sana, magurudumu yazunguka kidogo, lakini kwa msokoto mwingi.

Katika mashindano, gari likiwa linaanza kuondoka, msokoto ufikao magurudumuni ndio unaolisukuma. Na kadiri gari lilivyo jepesi, ndivyo mwendo wake unavyoongezeka upesi. Mwendo ukisha kuwa mkubwa, nguvu za farasi ndizo huamua mshindi, kwa kuwa hewa huzuia gari. Mwendo ukizidi mara mbili, kizuizi cha hewa huzidi mara nne. Kwa hiyo motokaa ya mashindano huhitaji vyote viwili.

Hata hivyo, msokoto wote huo hauna faida mpaka upite mahali pamoja padogo, yaani pale tairi linapogusa ardhi. Kila tairi hugusa ardhi kwa eneo linalokaribia kiganja cha mkono. Nguvu zote za mtambo sharti zipite hapo. Tairi huisukuma ardhi nyuma, nayo ardhi hulisukuma gari mbele. Tairi lisipoishika ardhi, hakuna kinachosukumwa.

Mshiko huo hutegemea mambo mawili: uzito uliolielemea gurudumu, na namna ya ardhi. Juu ya lami kavu tairi zuri huweza kusukuma kwa nguvu ipatayo robo tatu ya uzito ulio juu yake, au zaidi. Juu ya tope lenye utelezi huenda isifike hata robo moja. Basi, na iwepo motokaa yenye uzito wa kilo 1,000, na nusu ya uzito huo, yaani kilo 500, iko juu ya magurudumu yanayosukuma. Kwenye lami magurudumu hayo huweza kusukuma kwa nguvu ya kilo 375. Kwenye tope huweza kilo 125 tu. Mtambo ukiyapa nguvu ya kusukuma kilo 300, kwenye lami zote zitatumika. Lakini kwenye tope 125 zitatumika, na 175 zilizobaki zitaishia katika kuyazungusha magurudumu bure. Tena gurudumu likisha kuteleza, mshiko wake hupungua zaidi kuliko lilipokuwa likibingirika vizuri.

Sasa siri ya dereva wa Wembere imefunuliwa. Matawi aliyotandika yaliongeza mshiko wa ardhi. Gia ya pili ilipunguza msokoto magurudumuni, na mguu mwepesi ukaupunguza tena, hata ukawa mdogo kuliko mshiko. Yule wa kwanza hakukosa nguvu. Alikuwa nazo nyingi kupita kiasi ambacho tope liliweza kupokea.

Mambo haya yalidhihirika mbele ya watu wengi katika Afrika ya Mashariki. Mwaka 1953, Malkia Elizabeth wa Pili alipotawazwa, yalianzishwa mashindano ya motokaa yaliyopita katika nchi za Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye yalibaki Kenya peke yake, nayo yajulikana kwa jina la Safari Rally. Kwa miaka mingi yalifanywa siku za Pasaka, majira ya mvua, katika njia za vumbi na za udongo mweusi kama ule wa Wembere. Mwaka 1963 motokaa 84 zilianza, zikamaliza 7. Mwaka 1968 zilianza 93, zikamaliza 7 vile vile. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki, naye aliendesha Peugeot 404, gari la namna iliyotumiwa na watu wa kawaida kwa safari zao za kila siku.

La kustaajabisha zaidi ni ushindi wa Volkswagen, ile ndogo yenye mgongo wa mviringo. Ilishinda mwaka 1954, ikiendeshwa na Vic Preston, na tena mwaka 1957. Mtambo wake ulikuwa na nguvu za farasi 30 hivi tu, na magari mengi yaliyoshindana nayo yalikuwa na nguvu kuizidi. Lakini mtambo ule ulikaa nyuma, juu ya magurudumu yale yale yanayosukuma. Motokaa nyingine za siku zile mtambo ulikaa mbele, na magurudumu ya kusukuma yalikuwa nyuma, yamebeba kadiri ya nusu tu ya uzito.

Hesabu yaweza kuonyesha faida yake. Na iwepo motokaa ya namna ya kwanza yenye kilo 900 pamoja na watu, na kilo 540 ziko nyuma. Kwenye tope lenye mshiko wa robo, husukuma kwa nguvu ya kilo 135, yaani 15 kwa kila kilo 100 za uzito wake. Ya namna ya pili ina kilo 1,200, na 600 ziko nyuma. Husukuma kwa nguvu ya kilo 150, yaani 12 na nusu kwa kila kilo 100. Basi hata kama mtambo wa ile kubwa una nguvu mara tatu, kwenye tope ndiyo itakayoachwa nyuma. Tena gari linapoondoka kwa kasi, uzito huhamia upande wa nyuma, kama vile abiria waliosimama ndani ya lori hurudi nyuma linapoanza kwenda. Kwa hiyo magurudumu ya nyuma huongezewa mshiko wakati uo huo yanapouhitaji.

Mafundi hawakuishia hapo. Walijiuliza: ikiwa mshiko ni uzito ulio juu ya magurudumu yanayosukuma, kwa nini yasisukume yote manne, ili uzito wote wa gari utumike? Magari ya namna hiyo yalikuwako tangu zamani kwa kazi za shamba na za vita, lakini mwaka 1980 kampuni ya Audi ilitoa motokaa ya mwendo wa kasi iliyosukumwa na magurudumu yote manne. Mwaka 1987 Hannu Mikkola alishinda Safari kwa Audi 200 ya namna hiyo, na mwaka uliofuata ikashinda Lancia, nayo ilikuwa na magurudumu manne yanayosukuma. Nguvu za mitambo zilikuwa zimezidi sana, na magurudumu mawili hayakutosha tena kuzifikisha ardhini.

Hata hivyo magurudumu manne hayaondoi kazi ya dereva. Nayo huteleza, akanyagaye mafuta ovyo asipokuwa na kipimo. Dereva wa mashindano huisikiliza sauti ya mtambo: ikipanda ghafula bila gari kuongeza mwendo, ajua ya kuwa magurudumu yameachia ardhi, naye huinua mguu kidogo mpaka yashike tena. Dereva wa lori la alizeti katika njia za vijijini za Iramba na Manyoni hufanya vivyo hivyo mvua zinyeshapo. Mmoja ashindania kombe, na mwingine kuwahi soko kabla bei haijashuka. Lakini ardhi iliyo chini yao huwapa wote wawili hukumu moja. Haraka haraka haina baraka.

Maswali

1. Kwa nini spana ndefu hufungua nati upesi kuliko fupi?
2. Mtambo mmoja una msokoto wa 15 na mizunguko 3,000 kwa dakika. Mwingine una msokoto wa 25 na mizunguko 1,600. Ni upi wenye nguvu za farasi nyingi zaidi?
3. Motokaa ina kilo 800 juu ya magurudumu yanayosukuma. Itasukuma kwa nguvu ya kilo ngapi kwenye lami yenye mshiko wa robo tatu? Na kwenye tope lenye mshiko wa robo?
4. Eleza kwa nini watu hupakia magunia ya mchanga nyuma ya gari tupu kabla ya kupita njia yenye utelezi.