Kabla ya kununua Hiace iliyoshushwa

Msafirishaji anayetafuta gari dogo la mizigo hukutana mara kwa mara na Toyota Hiace inayopendeza kuliko nyingine zote zilizopangwa uwanjani. Imeinama karibu na ardhi, ina rimu pana, haina kutu, na muuzaji anasema "imeshushwa kidogo tu". Kwa mtu anayetaka gari la kupeleka maharusi ukumbini, hilo halina neno. Kwa anayetaka kupakia vitunguu Mang'ola na kuvifikisha Namanga, sentimita hizo chache ndizo zitakazoamua kama gari litabeba tani moja au nusu yake.

Hiace zinazozungumzwa hapa ni za aina mbili. Ya kwanza ni ile ya umbo la zamani iliyoanza kutengenezwa mwaka 1989 na kuachwa Japani mwaka 2004, ambayo watu wa Dar es Salaam waliizoea kama kipanya. Ya pili ni ile ya umbo la boksi iliyoanza mwaka 2004. Zinatofautiana sura, lakini kwa upande wa springi mpango wake ni uleule, kwa hiyo maelezo yanafaa kwa zote mbili. Mwenye Nissan Caravan ya zamani naye atayaona mambo hayahaya akilala chini ya gari lake.

Nyingi ya gari hizi hazikushushwa hapa. Vijana wa Japani wamekuwa wakizipamba Hiace kwa miaka mingi, na sheria ya ukaguzi ya huko inataka gari la kawaida liachwe angalau sentimita 9 kutoka ardhini. Kwenye barabara laini ya Japani sentimita 9 zinatosha. Kwenye matuta ya barabara zetu, na hasa yale yaliyojengwa na wanakijiji wenyewe baada ya ajali, hazitoshi hata gari likiwa tupu.

Mbele: Tosheni

Magurudumu ya mbele ya Hiace hayakai juu ya springi za mviringo. Yanashikiliwa na fimbo mbili ndefu za chuma, moja kila upande, zilizolala kando ya chasi kutoka mbele kwenda nyuma. Fimbo hizi hufanya kazi kwa kusokotwa: gurudumu likipanda, fimbo inajisokota, kisha inajirudisha. Ndizo tosheni. Mwisho wa nyuma wa kila fimbo umeshikwa na mkono mfupi wenye bolti ya kurekebishia. Bolti ikilegezwa, pua ya gari inashuka. Ikikazwa, inapanda. Fundi mwenye jeki na spana anamaliza kazi hiyo kwa muda mfupi bila kununua kipuri chochote, na ndiyo sababu Hiace nyingi zimeshushwa mbele hata pale mwenyewe alipoogopa kugusa nyuma.

Hapa pana kosa linalorudiwa sana gereji. Madereva wengi huamini kwamba kukaza bolti za tosheni kunaongeza nguvu ya springi. Sivyo. Ugumu wa fimbo unatokana na unene wake, urefu wake na chuma chake, na bolti haibadilishi hata kimoja kati ya hivyo. Kinachobadilika ni mahali gari linapoanzia kukaa. Anayekaza kupita kiasi ili abebe zaidi anapata gari lenye pua juu, gurudumu lisilo na nafasi ya kushuka kwenye shimo, na usukani unaorukaruka. Uwezo wa kubeba unabaki ulivyokuwa.

Nyuma: vipande, majani na misumeno

Nyuma ya Hiace ya mizigo kuna ekseli nzima iliyofungwa kwenye springi za majani. Kuna njia tatu za kuishusha, na mnunuzi lazima ajue ni ipi iliyotumika kwa sababu madhara yake si sawa.

Njia iliyo ya kistaarabu zaidi ni kuweka kipande cha chuma au alumini kati ya springi na ekseli, kisha kufunga kwa yu-bolti ndefu zaidi. Ikiwa springi imepita chini ya ekseli, kipande hicho kinashusha bodi. Ikiwa springi imekaa juu ya ekseli, kama ilivyo kwenye pikapu nyingi za kuendeshwa magurudumu yote manne, kipande kilekile kinainua. Hili limewaingiza hasara watu walionunua vipande mtandaoni bila kutazama gari lao kwanza. Uzuri wa njia hii ni kwamba majani yote yanabaki, na gari linaweza kurudishwa lilivyokuwa.

Njia ya pili ni kutoa jani moja au mawili. Hapo gari limeshuka kwa sababu limedhoofika. Ya tatu ni kuyapiga majani yapunguze upinde, mara nyingi kwa kuyachoma moto kwanza. Chuma cha springi hupata sifa yake kwa kupashwa moto na kupozwa kwa vipimo maalumu kiwandani; kikichomwa na gesi ya kuchomelea, sifa hiyo inapotea pale palipochomwa. Springi ya namna hiyo haifai kurekebishwa tena. Ni ya kuuzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu.

Zile Hiace za abiria za kifahari, kama Super Custom ya umbo la zamani, zina springi za mviringo nyuma, na wanaozishusha huzikata kwa msumeno. Mfanyabiashara anayewaza kung'oa viti vya Super Custom na kuigeuza gari la mizigo afahamu kuwa hata ikiwa nzima haikuundwa kwa kazi hiyo.

Hesabu ya sentimita

Springi ya nyuma ina kazi mbili kwa wakati mmoja. Inabeba mzigo, na inameza mashimo. Zote mbili zinatumia nafasi ileile, yaani umbali kati ya ekseli na raba ya kugongea iliyo chini ya chasi.

Chukua mfano wa gari ambalo likiwa tupu lina nafasi ya sentimita 12. Likipakiwa tani moja linashuka sentimita 8. Zinabaki 4 za kupambana na barabara, na dereva makini anafika salama. Sasa gari hilohilo lishushwe sentimita 5 kwa vipande. Likiwa tupu lina nafasi ya sentimita 7. Tani moja inahitaji 8. Maana yake gari limekalia raba kabla dereva hajawasha injini, na kila shimo kuanzia hapo linapiga chasi moja kwa moja. Springi ni nzima, majani yote yapo, lakini haina pa kwenda.

Dalili zake zinajulikana: nyufa kwenye chasi karibu na vishikio vya springi, mlango wa pembeni unaokataa kufunga gari likiwa na mzigo, kioo cha nyuma kinachopasuka bila kuguswa. Wenye magari hulaumu barabara. Wengine hukata raba zile ili kupata sentimita mbili tatu zaidi, na matokeo yake ni chuma kugonga chuma.

Wenye malori hukumbushwa na mizani. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inahusu magari ya kuanzia tani 3.5, na Hiace nyingi zikiwa zimejaa kihalali ziko chini ya hapo. Hivyo mwenye Hiace hupima uzito kwa macho: anatazama jinsi gari lilivyokaa nyuma, kisha anasema "linatosha" au "ongeza magunia mawili". Gari likishushwa kipimo hicho nacho kinaharibika, maana linaonekana limejaa hata likiwa tupu, na baada ya wiki moja hakuna anayelitazama tena.

Breki ndiyo hatari kubwa

Jambo ambalo wauzaji hawalitaji, na mafundi wengi hulisahau, ni vali ya breki za nyuma. Magari mengi ya mizigo ya aina hii, zikiwemo Hiace nyingi zisizo na breki za kielektroniki, yana vali iliyofungwa chini ya bodi na kuunganishwa na ekseli kwa fimbo au springi nyembamba. Kazi yake ni kukadiria mzigo. Bodi ikiwa juu, vali inajua gari ni tupu na inapunguza nguvu ya breki za nyuma ili magurudumu yasifunge. Bodi ikishuka karibu na ekseli, inajua gari limejaa na inaruhusu nguvu zaidi.

Vali haioni magunia. Inaona umbali tu. Gari lililoshushwa likiwa tupu linaidanganya vali kwamba limebeba tani, na siku ya mvua dereva akikanyaga breki ghafla magurudumu ya nyuma yanafunga kwanza. Hapo mkia unataka kutangulia.

Kinyume chake kipo pia, na pengine ndicho kinachowahusu wasomaji wengi zaidi. Wasafirishaji huongeza majani ili gari lisilale. Bodi ikipanda, vali inadhani gari ni tupu wakati limejaa. Breki za nyuma zinafanya kazi kidogo, za mbele zinabeba zote. Kwenye tambarare hakuna anayegundua. Kwenye mteremko mrefu kama Kitonga, kwa anayetoka Tunduma au Kasumulu kwenda Dar es Salaam, breki za mbele zinapata moto mpaka pedali inazama. Kila gari lililobadilishwa kimo, chini au juu, fimbo ya vali hiyo irekebishwe na fundi anayejua kipimo chake. Kuifunga kwa waya, kama inavyoonekana kwenye magari mengine, si marekebisho.

Madhara mengine ni ya kawaida zaidi. Magurudumu ya mbele yanaegemea ndani, tairi zinalika upande wa ndani na mwenye gari hazioni mpaka waya utokeze. Tairi la akiba linaloning'inia chini nyuma linaburuzwa kwenye matuta. Propela ikipata pembe mbaya, gari linatetemeka kwenye mwendo. Taa zinaelekea pasipotakiwa ikiwa mbele na nyuma hazikushushwa sawa.

Namna ya kutambua

Anayenunua kwa picha kutoka nje aombe picha ya ekseli ya nyuma kutoka pembeni na picha ya bolti za tosheni. Muuzaji mwenye nia njema hatakataa. Kipande kati ya springi na ekseli kinaonekana wazi, hasa kikiwa cha alumini. Majani yahesabiwe kila upande. Bolti ya tosheni ya upande mmoja ikionyesha nyuzi nyingi kuliko ya pili, kuna mtu aliyekuwa akitafuta usawa uliopotea.

Karatasi husaidia kwa kiasi. Japani, gari lililobadilishwa muundo na kusajiliwa upya huongezewa neno "kai" mwishoni mwa namba ya modeli. Lakini mabadiliko madogo ya springi hayalazimu usajili huo, kwa hiyo karatasi isiyo na "kai" haithibitishi kwamba gari halijaguswa.

Kenya haipokei magari yaliyozidi miaka 8, na Uganda tangu mwaka 2018 imezuia yaliyozidi miaka 15. Hiace ya umbo la zamani haiwezi tena kuingia nchi hizo kama gari jipya la mtumba, na nyingi zinazouzwa huko zimeshapita mikono mitatu minne ya ndani. Kwa hizo futi ya fundi nguo inatosha: pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, pande zote nne, gari likiwa tupu kwenye sakafu iliyonyooka. Kisha pima Hiace ya modeli hiyohiyo ambayo mwenyewe anajulikana na haijaguswa.

Kuirudisha

Gari lililoshushwa kwa vipande linarudishika. Vipande vinatolewa, yu-bolti za urefu wa kawaida zinanunuliwa mpya kwa sababu zilizokwisha kuvutika hazishiki vizuri, na senta bolti inakaguliwa. Shokapu fupi zilizowekwa wakati wa kushusha nazo zibadilishwe. Zikiachwa, gurudumu likishuka kwenye shimo shokapu ndiyo itakayolizuia, na itang'oka mapema. Mbele, bolti za tosheni zikazwe mpaka vipimo vya pande mbili vilingane na vya gari zima, kisha gari lipelekwe kwenye alaimenti siku hiyohiyo. Mwisho vali ya breki na taa.

Gharama ya kazi hiyo iulizwe gereji kabla ya kutaja bei kwa muuzaji, ikiwemo seti kamili ya majani endapo yametolewa au yamechomwa. Baada ya kurudishwa, safari ya kwanza iwe ya mzigo mwepesi, na yu-bolti zikazwe tena baada ya kilometa mia chache, springi zikishakaa mahali pake.