Nani Anaishi Pabaya Zaidi Majini?

Nyangumi buluu hana mpinzani kwa ukubwa, na papa potwe, yule anayefuatwa na watalii Kilindoni kisiwani Mafia, ndiye samaki mkubwa kuliko wote. Hao wamesifiwa vya kutosha. Ninaowahusudu mimi ni wale walioshika rekodi kwa sababu ya mahali wanapokaa.

Kwa kina, bingwa yuko kusini mwa Japani. Agosti 2022, kamera iliyoshushwa katika mtaro wa bahari wa Izu-Ogasawara ilimnasa samaki mdogo akiogelea mita 8,336 chini ya maji. Mlima Kilimanjaro ungezama hapo, na juu ya kilele chake yakabaki maji ya zaidi ya kilomita mbili.

Kwa ukali wa maji, taji naliacha Kenya. Perege wa Ziwa Magadi, mdogo wa kukaa kiganjani, huishi pembezoni kwenye chemchemi za moto ambazo joto lake hupita nyuzi 40 za Selsiasi, katika maji ya magadi ambayo samaki wengine yangewaua upesi. Kwa kawaida samaki hutoa uchafu wa mwili kwa njia ya amonia, ikapenya kwenye matamvua na kupotelea majini. Katika maji ya Magadi amonia haitoki kirahisi, ingemrudia yeye mwenyewe ikawa sumu. Basi perege huyu akageuza mtambo wote: hutengeneza urea, kama sisi binadamu. Usiku oksijeni ikipungua, hupanda juu kuvuta hewa.

Kwa ufinyu, nenda Nevada, Marekani, kwenye shimo liitwalo Devils Hole. Maji yake yana kina kisichojulikana mwisho, lakini samaki wake, wa sentimita mbili na ushei, hutegemea rafu moja ya mwamba karibu na uso wa maji kwa chakula na kuzaliana. Rafu hiyo haizidi ukubwa wa chumba cha kulala. Wakulima wa jirani walipopiga pampu hadi maji yakashuka, kesi ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1976 samaki wakashinda. Hata hivyo, mwaka 2013 walihesabiwa 35 tu. Na Septemba 2022, tetemeko la ardhi la Mexico, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka hapo, lilizusha mawimbi ndani ya shimo hilo!

Kwa wingi wa aina, Ziwa Nyasa halina mshindani: hakuna ziwa lenye spishi nyingi za samaki kulipita. Kwa msongamano wa viota, twende Bahari ya Weddell, Antaktika. Mwaka 2021 meli ya utafiti ya Polarstern ilikuta huko viota vinavyokadiriwa kufika milioni 60, vya samaki wa barafu ambao damu yao haina wekundu.

Nikimalizia na uvivu: salamanda kipofu wa mapango ya Bosnia na Herzegovina. Watafiti waliwatia alama, wakawa wanarudi kuwakagua. Mmoja walimkuta palepale baada ya siku 2,569, yaani miaka saba. Chakula kikikosekana, anaweza kukaa miaka bila kula.