Macho ya Manjano na Mfereji Ulioziba

Mtu wa nyumbani kwenu akigeuka macho kuwa ya manjano, msiseme upesi kwamba ni malaria au amerogwa. Mwulizeni habari za choo chake, wala msione haya. Kikiwa kimepauka kama chokaa, mkojo una rangi ya chai ya rangi, na ngozi inamwasha usiku kucha, yamkini mfereji wa nyongo umeziba.

Nyongo hutoka katika ini, ikapita mfereji mwembamba mpaka utumboni kusaga mafuta ya chakula. Ndiyo inayokipa choo rangi yake. Njia ikizibwa na kijiwe, au na uvimbe wa kongosho, nyongo hurudi nyuma ikaingia damuni. Dawa ya mizizi haiwezi kuisukuma, na nyingine huliumiza ini lililokwisha kuelemewa. Heri mbuzi auzwe kwa nauli ya hospitali.

Zamani ilibidi kupasua tumbo. Mwaka 1974 madaktari wa Ujerumani na Japani walieleza namna ya kupitisha mpira mrefu kinywani hadi utumboni, na kupanua mlango wa mfereji ili vijiwe vitoke. Je, mlango wenyewe ukifunikwa na uvimbe? Mwaka 2001, huko Marseille, Ufaransa, Daktari Marc Giovannini na wenzake walieleza njia nyingine. Ncha ya mpira ina ultrasaundi, kama ile wanayopimwa akina mama wajawazito. Daktari huuona mfereji ng'ambo ya ukuta wa utumbo, huuchoma kwa sindano, hupitisha waya, kisha huacha bomba dogo. Nyongo hupata njia ya mkato. Ajabu kweli! Lakini bomba haliponyi saratani. Huondoa manjano na mwasho, mgonjwa apate nguvu za kupokea matibabu mengine. Pengine huziba tena.

Kazi hiyo yataka mabingwa wa hospitali kubwa, nako ni mbali na Mpanda. Lakini ultrasaundi ya kawaida, ya kupitishwa juu ya tumbo, huonyesha kama mifereji imetanuka. Ulizeni kipimo hicho mapema, na mwambieni daktari kila dawa mliyompa mgonjwa nyumbani. Nyongo isipofika utumboni, damu nayo huwa nzito kuganda, kwa hiyo akitoka damu puani au kwenye fizi semeni.

Na manjano yakija pamoja na homa na kutetemeka, msingoje kupambazuke. Yamkini mfereji umeingia wadudu, na mgonjwa aweza kufa kwa siku chache.